Bahari Ndani ya Sanduku la Klabu ya Gofu

Mara ya kwanza nilipolikuta neno "bahari" katika karatasi za klabu ya gofu ya Lubumbashi, nilidhani Kifaransa changu ndicho kimeniangusha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga taipu katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya shaba ya serikali, na watu walinijua kwa kutokosea. Nikasoma tena, polepole. Sentensi ilisema kwamba mchezaji ambaye mpira wake umeangukia baharini wakati wa maji kujaa asiufuate, kwa kuwa mkondo wa mahali hapo una nguvu.

Nilinyanyua macho nikatazama nje ya dirisha. Bomba kubwa la kiwanda lilikuwa likitoa moshi kama kila siku, na nyuma yake ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Vumbi jekundu lilikuwa limetanda juu ya magari. Bahari iliyokuwa karibu zaidi nasi, ya upande wowote utakaochagua, ilikuwa mwendo wa siku nyingi za treni.

Kazi hiyo nilipewa na shefu wangu, mkuu wa ofisi. Klabu ya gofu ilikuwa ya wazungu tangu zamani, lakini miaka ile, baada ya nchi kubadilishwa jina na sisi wenyewe kubadilishwa majina, wakubwa wetu wa kampuni walikuwa wameingia, na shefu alikuwa amechaguliwa kuwa rais wake. Alicheza akiwa amevaa abakosi, suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyofungwa mpaka shingoni, na kila alipopiga mpira, bonge la udongo liliruka mbele kuliko mpira wenyewe. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka.

"Sitwayeni," aliniambia asubuhi moja, yaani mwananchi, kama tulivyotakiwa kuitana, akiwa ameshika ufunguo mdogo, "kamishna wa serikali anatoka Kinshasa, atafika nyuma ya wiki tatu. Tutamusomea historia ya klabu yetu. Paji tano. Weye njo mwenye kujua kuandika."

"Kurasa tano za historia gani, shefu? Mimi sijawahi hata kushika ile fimbo."

"Yote iko mu sanduku. Soma, andika, upige taipu. Mimi nitasoma."

Sanduku lilikuwa la bati, rangi ya kijani, limeliwa na kutu pembeni. Ndani mlikuwa na madaftari matatu makubwa, bahasha ya picha, na kitabu cha kanuni chenye mihuri. Niliyasoma kwa siku tano, na kila siku nilizidi kupotea. Katika daftari la kwanza mlikuwa na meli iliyokwama karibu na shimo la tisa, na wachezaji waliacha mchezo wakaenda kuwasaidia mabaharia. Katika la pili mlikuwa na malalamiko juu ya ukungu, na juu ya upepo wa chumvi uliokuwa ukiozesha bendera za mashimo. Picha zilionyesha wanaume wamekamata kofia zao zisipeperuke, na nyuma yao mstari mweupe ambao ungeweza kuwa mawimbi, au kasoro ya picha.

Jumamosi nilikwenda klabuni kwa miguu nione mwenyewe. Ndiyo, kulikuwa na maji. Ziwa dogo limelala chini ya uwanja, matete yamelizunguka, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja. Mama mmoja alikuwa anafua nguo ng'ambo, na nilisikia kila kofi la nguo juu ya jiwe. Nilijaribu kuweka meli pale kwa mawazo. Haikuenea.

Jioni nilimwuliza baba yangu. Baba alitoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, na aliuona mji huu tangu una barabara chache.

"Baba, lile ziwa la gofu, zamani lilikuwa kubwa sana?"

"Ziwa?" Alicheka akaweka tonge la bukari, ugali wetu, chini. "Wakati niliingia huku hakukuwa ziwa. Kulikuwa kamuto kadogo tu, unaruka na mguu moja. Bazungu balikafunga na ukuta ya udongo, mayi ikajaa. Nani anakwambia bahari?"

"Karatasi za klabu."

"Ziko na mihuri?"

"Ziko na mihuri."

Baba akalichukua tonge lake tena. Alikuwa ameishi maisha yake yote kati ya tiketi, vibali na stakabadhi, na aliheshimu mhuri kuliko macho yake mwenyewe. Alikula mpaka akamaliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pengine ilikuwa kabla yangu." Nikazidi kuchanganyikiwa, maana kama hata Baba alianza kukubali, mimi ningeshikilia nini?

Wiki ya pili nilirudi klabuni, safari hii kumtafuta mzee wa majani. Ndivyo walivyomwita wote: mwanamume mrefu, mkavu, mguu wake wa kushoto haukukunjika vizuri, aliyekata na kumwagilia majani ya uwanja ule tangu kabla ya uhuru. Nilimkuta amepiga magoti pembeni ya shimo moja la mchanga, yale mashimo wanayotengeneza kwa makusudi ili mpira wa mchezaji uzame humo. Alikuwa anausawazisha mchanga kwa reki. Ulikuwa mweupe, laini, tofauti kabisa na udongo wetu.

"Tata, samahani. Hapa kulikuwa bahari?"

Hakucheka kama nilivyoogopa. Alichota mchanga kwa kiganja akaniwekea mkononi.

"Hii haitoke huku, mutoto wangu. Hii inatoka kwetu, Kilwa ya huku Katanga, pembeni ya ziwa Mweru. Kule ukisimama na kuangalia, iko mayi tu, hauone upande ingine. Muzungu wa kwanza wa hii klabu alisema bila mchanga mweupe hawezi kucheza, sababu kwabo anachezaka pembeni ya bahari. Balimuletea mchanga ya muto Naviundu, ya hapa karibu, akakatala, akasema iko muchafu. Njo kutuma kamyo mpaka kwetu."

"Wewe ulikuwapo?"

"Mimi njo nilikuwa napakia. Mimi na ndugu yangu."

Nilihisi nimeokoka. Basi bahari ya karatasi ilikuwa ziwa Mweru! Nilikaa juu ya nyasi nikatoa daftari langu, naye akaendelea bila kuniangalia. Kamyo, yaani lori, ilifanya safari nyingi. Katika safari ya mwisho, wakati wa mvua, ilipinduka kwenye kivuko cha mto mmoja, mzigo wa mchanga ukawafunika wote wawili waliokuwa wameketi juu yake. Yeye alitolewa na mguu umevunjika, akaletwa hospitali ya hapa mjini. Dereva alikuja kumtazama baada ya siku chache akamwambia kwamba ndugu yake amekufa, wamemzika pale pale kando ya barabara.

"Na nyumbani walisema nini?"

"Sikurudia nyumbani. Ningemuambia mama nini? Ni mimi nilimuvuta kwa hii kazi." Akachukua reki yake tena. "Ukiandika, umutie na yeye. Mu ile sanduku hayuko."

Hakuwemo, kweli. Usiku ule niliyapekua madaftari ukurasa kwa ukurasa. Meli ilikuwemo, upepo ulikuwemo, hata mbwa wa katibu aliyeiba mpira alikuwemo. Kilwa haikutajwa hata mara moja.

Aliyenifungua macho alikuwa mtawa aliyenifundisha Kifaransa shule ya sekondari. Tulimwita Masere tu. Alikuwa mzee sasa, na nilimpelekea kurasa zangu anisahihishie lugha kabla ya kumpa shefu. Alisoma kurasa mbili akavua miwani.

"Binti, hizi habari umezitoa wapi?"

Nilikuwa nimebeba kitabu cha kanuni ndani ya kikapu, nikampa. Alisoma jina la mji lililokuwa ndani ya mhuri, jina ambalo mimi nilidhani ni la kiwanda cha kuchapisha. Uso wake ukabadilika.

"Huu ni mji wa utoto wangu," alisema. "Uko ufukweni, kule Ubelgiji. Uwanja wa gofu tuliuona kutoka dirisha la shule. Meli hii ninaikumbuka, tulipelekwa na mwalimu kuitazama." Alifunga kitabu taratibu. "Hizi si karatasi za Lubumbashi. Yule mwanzilishi wenu bila shaka alikuwa mwanachama kule, akaja nazo. Umeandika historia ya watu wengine."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijui kama nicheke au nilie. Kurasa zangu tano, nilizozipenda, zenye mabaharia na ukungu, zilikuwa za mahali ambapo sitakanyaga. Na zilikuwa zimebaki siku nne kamishna afike.

Shefu alinisikiliza amesimama. "Kwa hiyo sanduku yote iko ya bantu bengine?"

"Ndiyo, shefu."

"Na historia yetu iko wapi?"

"Iko kwa kichwa cha mzee wa majani."

"Ule hajui hata kusoma!"

"Lakini alikuwa hapa, shefu. Karatasi hazikuwa hapa."

Alizunguka meza mara mbili. Nilipomweleza habari ya mchanga wa Kilwa alisimama, akapiga kidole hewani. Mchanga wa nchi yetu, mikono ya watu wetu! Hiyo ilikuwa lugha ambayo kamishna angeipenda. Akaniamuru niandike upya, paji mbili zinatosha. Nilipomletea, alikata sentensi moja kwa kalamu nyekundu, ile ya ndugu aliyekufa.

"Siku ya furaha hatuongeake habari ya bantu benye kufa, sitwayeni."

Nilikwenda kupiga taipu nakala safi. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri nilichofanya. Sikuwa mkaidi, na sikuwa na hakika kwamba mzee alisema kweli. Baada ya yale madaftari sikuwa na hakika na jambo lolote. Lakini nilikumbuka mchanga ule ulivyokuwa mkononi mwangu, na vidole vikaiandika sentensi. Niliikunja karatasi, nikaiweka ndani ya faili, nikampa.

Siku yenyewe kulikuwa na nyimbo za chama, akina mama wa uhamasishaji wakicheza katika vitenge vyenye picha ya Rais, viti vilivyopangwa kwenye majani ambayo mzee alikuwa ameyakata kama zulia. Kamishna alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya upole. Shefu alisimama akasoma. Alisoma vizuri ukurasa wa kwanza. Katika wa pili alifika penye sentensi ile, nikaona macho yake yametangulia na kuiona kabla mdomo haujafika. Alinitafuta kati ya watu. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Kisha akaisoma. Sijui kwa nini hakuiruka. Labda alihofia kimya kirefu. "Na katika kazi hiyo, kijana mmoja wa Kilwa alipoteza maisha yake chini ya mchanga."

Kamishna aliinua mkono. "Aliitwa nani?"

Hakuna aliyejua. Hata mimi sikuwa nimeuliza, na aibu ya jambo hilo ilinichoma. Ndipo mzee wa majani, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na sare yake ya bluu, akataja jina kwa sauti kubwa. Kamishna akasimama, watu wote wakasimama, tukakaa dakika nzima bila neno. Akina mama wa nyimbo waliinamisha vichwa. Mzee hakulia, ila mkono wake ulikuwa unakamata na kuachia mpini wa reki.

Kamishna alisifu hotuba ile kuwa ina moyo, na akaagiza kibao cha mbao kiwekwe penye shimo la mchanga la kwanza, kiwe na jina la marehemu. Shefu hakuniadhibu. Kesho yake aliniangalia kwa muda, akasema, "Weye!", akaingia ofisini kwake. Kibao kikawekwa kabla ya mwezi kwisha.

Mwaka uliofuata, nilipopata likizo, mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alinichukua tufuatane Kilwa. Alikuwa akinunua samaki wakavu kule na kuwauza Lubumbashi. Barabara ilituchosha siku tatu, na mara mbili tulishuka sote kusukuma kamyo katika matope. Nilipofika ziwani nilisimama kwa macho yangu, na kweli, maji tu. Mchanga ulikuwa mweupe. Nilifurahi kama mtu aliyekuta stakabadhi iliyopotea.

Pale sokoni nilimwuliza mama mmoja muuza samaki kama anaifahamu familia ya yule marehemu, nikataja jina lililo kwenye kibao. Alinitazama kwa mshangao.

"Ule? Eko pale, anatengeneza nyavu."

"Si huyo, mama. Mimi namtafuta wa familia ya yule aliyekufa zamani, aliyefanya kazi ya mchanga."

"Njo ule ule. Kazi ya mchanga alifanya. Lakini kufa, hapana."

Alikuwa ameketi chini ya paa la matete, nyavu zimemwagika magotini, pua na paji la uso vya mzee wa majani kabisa. Nilijikuta namwuliza kama alikuwa na kaka.

"Nilikuwa naye," alisema. "Alikufa ku hospitali ya Lubumbashi, zamani. Dereva alituletea habari. Mimi banakijiji balinitoa mu mchanga, nikalala kwabo miezi minne. Wakati nilirudia hapa, mama alikuwa ameisha kumulilia."

Nilimwambia kwamba kaka yake yu hai. Sikumbuki kwa maneno gani. Alibaki ameshika sindano ya nyavu, akaniomba nirudie, nikarudia, akaniomba nieleze mguu upi haukunjiki. Wa kushoto, nilisema. Akaiweka sindano chini.

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza maswali. Kwa nini dereva yule yule awaue wote wawili kwa mdomo? Je, aliona kweli, akakosea, au aliogopa kuulizwa? Mama mdogo aliniambia nilale, maana maswali yangu hayataongeza mwendo wa kamyo.

Mzee wa majani nilimkuta karibu na kibao. Nilimketisha kwanza. Nilipomaliza kusema, alitazama ziwa letu dogo.

"Ulisema na muntu mwingine," aliniambia.

"Tata, ana uso wako."

"Bantu ba kwetu bote beko na uso yangu." Kisha akakishika kibao. "Kama eko mzima… ile dakika tulisimama, ilikuwa ya nani?"

Aliomba ruhusa ya kazi kesho yake, akapanda kamyo ya samaki. Baada ya majuma manne alirudi, na hakurudi peke yake.

Niliitwa klabuni Jumapili baada ya misa. Wazee wawili walikuwa wamesimama mbele ya kibao, wamevaa mashati ya kufanana ambayo nadhani walinunua njiani. Shefu naye alikuwapo, amekuja kucheza, na nilipomnong'oneza mambo yalivyo, na kwamba mzee anataka kibao kitoke, alishika kichwa.

"Kitoke? Hakiwezi kutoka! Kamishna alisema kiwekwe. Nitamuandikia nini, kwamba marehemu amekuya kusalimia?"

Mdogo mtu, yule wa nyavu, hakujua kusoma. Aliniomba nimsomee. Nilisoma jina lake, kisha maneno yaliyosema kwamba alitoa uhai wake kwa kazi ya klabu hii. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Na bantu bote balisimama?" aliuliza.

"Wote, tata. Na kamishna."

"Bamama pia?"

"Na akina mama pia."

Akagusa herufi za jina lake kwa kidole, moja moja, kama mtu anayehesabu samaki. "Basi mukiache," alisema.

Kaka yake hakufurahi. Alitaka king'olewe siku hiyo hiyo. Alisema kumwangalia mtu anakula na kucheka huku jina lake liko kwa wafu kunamtia baridi. Walibishana pale kwa sauti, kwa lugha ya kwao ambayo mimi siifahamu, mpaka wakaanza kucheka, na sikujua walichekea nini. Mwisho kibao kilibaki. Mdogo mtu alikaa mjini miezi miwili akisaidia kumwagilia majani, akarudi kwenye nyavu zake.

Kabla hajaondoka niliwaketisha wote wawili na daftari langu, nikitaka angalau mara moja kuandika historia sahihi ya klabu ile. Niliuliza dereva aliitwa nani. Kila mmoja alitaja jina alilolikumbuka, na hayakufanana. Niliuliza kamyo ilikuwa ya rangi gani. Mmoja alisema nyekundu, mwingine akaapa kwamba ilikuwa ya kijani na haikuwa na mlango wa kulia. Waliangaliana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kusahau. Nilisubiri, kalamu iko juu ya karatasi. Baadaye mzee wa majani akasema jua limekuwa kali, majani ya upande wa matete yanataka maji, nao wakainuka pamoja wakaenda kuvuta mpira wa kumwagilia maji.